Shajara zenye maswali ya kukuongoza: ninavyozipima kabla ya kutoa hela

Ukiishika dukani, usianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza kila mchapishaji ameupamba. Fungua wa 40 au wa 60, pale mtungaji alipoanza kuishiwa, uone kama bado anauliza jambo jipya au anarudia yale yale kwa maua tofauti pembeni.

Nimetumia za aina nne: ya mwaka mzima yenye tarehe, ya siku 90 isiyo na tarehe, kitabu cha mazoezi cha wiki 8, na kaunta buku ya kawaida niliyoipiga mistari mwenyewe. Majina ya bidhaa siyataji kwa kuwa kasoro ninazozisema zimo katika aina nzima, wala si za kampuni moja.

Nianze na maneno, maana nyingi huanguka hapo. Neno linalotumika mara nyingi ni "kujihurumia", na masikioni mwetu hilo liko karibu mno na kujionea huruma: mtu kakaa pembeni anajililia. Kinachokusudiwa ni kingine. Mtafiti Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin alikieleza mwaka 2003 kwa sehemu tatu: kujitendea kwa upole badala ya kujishutumu, kutambua kwamba kukosea na kuumia ni fungu la kila binadamu, na kuyatazama maumivu kama yalivyo, bila kuyakana na bila kuzama ndani yake. Sisi tuna neno fupi linalobeba karibu yote hayo, nalo ni pole. Mtu akijikwaa hata kwa uzembe wake, tunamwambia pole kwanza. Habari ya kwa nini hakutazama njia inakuja baadaye, kama inakuja. Shajara nzuri inakufanya uiandike pole ile ile ukiielekeza kwako.

Zilizotafsiriwa neno kwa neno hufeli mtihani huu kwa namna ya kuchekesha. "Ungemwambia nini mtoto wako wa ndani?" Msomaji wa Kiswahili atadhani ameulizwa kuhusu ujauzito, kumbe anaulizwa kuhusu yule mtoto aliyekuwa zamani. "Uandikie mwili wako barua ya mapenzi." Barua ya mapenzi tunajua anaandikiwa nani. Swali likikufanya usimame kutafuta maana yake, limeshakula dakika zako na limekutoa kwenye lile lililokuuma. Kama Kiingereza unakisoma sawa, heri ununue ya Kiingereza ujibu kwa Kiswahili kuliko kuhangaika na tafsiri mbovu.

Sasa hesabu. Chukua maswali kumi yanayofuatana katikati ya kitabu, uyagawe mafungu manne: yanayouliza kilichotokea, yanayouliza ulivyojisikia, yanayokukumbusha kwamba wengine nao hupitia hilo, na yanayotaka neno la upole au tendo dogo. Fungu lolote likikosekana kabisa, fikiri mara mbili. Nyingi hukosa la tatu. Na hesabu pia mangapi yanaanza na "kwa nini". Yakizidi matatu kati ya kumi, mimi narudisha rafuni. "Kwa nini niko hivi?" ni swali lisilo na mlango wa kutokea; mtu mwenye mawazo mengi atalizungusha hadi usiku wa manane na asubuhi ataamka nalo. "Nini kilitokea?", "Nilihitaji nini saa ile?", "Nifanye nini kesho kabla ya saa nne?" yana jibu linaloandikika.

Lile fungu la tatu lina mtego wake. Kuna shajara zinazokuongoza uandike kwamba wapo wenye shida kubwa kuliko zako. Hilo si kukumbuka ubinadamu wetu, ni kuzibwa mdomo, na wengi wetu tumelisikia tangu utotoni. Sentensi inayofaa ni "na wengine huumia hivi hivi." Inayodhuru ni "wengine wameumia zaidi, nyamaza." Mtego huo huo umo katika shajara za shukrani tupu, zile za kuandika mambo matatu unayoshukuru kila asubuhi. Shukrani ina kazi yake. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wao wa mwaka 2003, waliwaomba watu waorodheshe mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki kwa wiki 10, na hali yao ilikuwa nzuri kuliko ya walioandika kero. Lakini siku ya msiba au ya kufukuzwa kazi, mistari mitatu ya kushukuru haina pa kuweka uchungu. Nunua hiyo kama nyongeza, isiwe ya pekee.

Tarehe ni adui ambaye watu hawamtazamii. Ile ya mwaka mzima ina 3 Machi, 4 Machi, 5 Machi, na ukiruka siku nne unabaki na kurasa nne nyeupe zinazokutazama kama mwalimu wa zamu. Umenunua kitu cha kukupunguzia lawama, nacho kimeanza kukulaumu. Visanduku vya kutia alama ya siku mfululizo vina ubaya ule ule. Chagua isiyo na tarehe, ujaze mwenyewe juu ya ukurasa. Mara tatu kwa wiki inatosha sana.

Kuhusu nafasi: karatasi ya A5 ina urefu wa milimita 210. Toa pambizo za juu na chini, milimita 30 hivi, mistari ikiwa imeachana milimita 8 unapata mistari 22. Kwa mwandiko wa kawaida ni maneno sita au saba kwa mstari, maana maneno yetu ni marefu, kwa hiyo ukurasa mzima hauzidi sana maneno 150. Robo saa ya kuandika bila papara hujaza kurasa mbili za namna hiyo. Ukiona swali zito kama "Eleza jeraha lako kubwa" likifuatwa na mistari mitatu, ujue aliyepanga kurasa hajawahi kukaa akajibu swali lake. A6 ile ya mfukoni ni ndogo mno kwa kazi hii.

Robo saa sikuitoa hewani. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa mwaka 1986, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, na walionufaika zaidi ni walioandika tukio pamoja na hisia zao. Miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Jambo ambalo watangazaji wa shajara hawalitaji ni kwamba mara baada ya kuandika, watu hao walijisikia vibaya zaidi kwa muda. Ni kawaida, kama kidonda kinavyowasha kikisafishwa. Ndiyo maana mambo mazito hayaandikwi kitandani dakika tano kabla ya kuzima taa. Jioni mapema ni bora, na baada yake uwe na shughuli ya mikono: vyombo, kufua soksi, kupalilia. Na kama katikati ya kuandika unahisi unazidiwa, acha. Andika habari nyingine au funga daftari, hakuna anayekusahihishia.

Ukurasa unaofanya kazi unaonekana hivi. Chukua kosa la kawaida: mtu amesahau kupeleka fomu ya mkopo na siku ya mwisho imepita. Mkono unaandika wenyewe: "Mimi mzembe. Siku zote niko hivi hivi." Shajara dhaifu inakuachia hapo, au inakurukisha moja kwa moja kwenye "taja sifa zako tano". Iliyotungwa na mjuzi inauliza kwanza kilichotokea bila hukumu, na jibu linakuwa: "Jumatatu mtoto aliugua, Jumanne nilikuwa zahanati, Jumatano nilikumbuka saa kumi na moja ofisi imefungwa." Halafu inauliza mwili: "Kifua kimebana, tumbo baridi." Kisha inakutaka ujiandikie kwa jina lako, kama unamwandikia mwenzio: "Pole, Neema. Wiki yako ilikuwa nzito, na si wewe wa kwanza kupitwa na tarehe. Kesho saa mbili piga simu uulize kama wanapokea ya kuchelewa." Kujiita kwa jina si kichekesho. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake badala ya "mimi" hupata umbali kidogo na kutulia. Tazama pia kwamba barua hiyo haimwambii Neema kuwa hakukosea. Fomu imechelewa, na simu inabidi ipigwe.

Kwa barua za namna hii, ile ya wiki 8 ndiyo iliyonipa mazoezi mazuri kuliko zote, ingawa wiki mbili za mwanzo zina maelezo mengi kuliko kuandika. Leah Shapira na Myriam Mongrain, mwaka 2010, waliwaandikisha watu barua ya upole kwao wenyewe kila siku kwa siku 7 tu na wakaona unyonge umepungua. Kwa hiyo wiki moja ni kipimo cha haki. Andika siku saba kwenye karatasi yoyote kabla hujanunua; kama hukuweza kukaa robo saa siku tatu kati ya hizo saba, jalada la ngozi halitakukalisha.

Orodha za hisia ni sehemu nyingine ya kuchungulia. Duara lenye maneno sitini ya Kiingereza ni pambo. Mimi nimebandika orodha yangu ndani ya jalada: huzuni, simanzi, uchungu, kinyongo, ghadhabu, kero, hofu, wasiwasi, fadhaa, aibu, fedheha, majuto, wivu, kijicho, upweke, unyonge. Hizo kumi na sita zinatosha. Tofauti zake zina faida: majuto yanasema nimefanya kosa, aibu inasema mimi ndiye kosa, na inayohitaji pole zaidi ni hiyo ya pili. Ongeza na ya mwilini: moyo mzito, kichwa kimejaa, mabega yameinama.

Ya karatasi na jalada nitayapitisha haraka. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba: ya gramu 70 kwa kalamu ya jeli inapenya upande wa pili. Gramu 80 inatosha kwa biki. Gramu 100 ukipenda wino wa majimaji. Nenda dukani na kalamu yako, uliza kama wana nakala ya kujaribia. Angalia mgongo wa kitabu kwa juu: ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, kimeshonwa kwa uzi na kitalala wazi mezani. Ukiona karatasi zimepangwa bapa kwenye gundi, utakuwa unakishikilia kwa mkono mmoja kisijifunge, na baada ya miezi michache kurasa za katikati zinaachia. Ya ringi hulala vizuri ila huwakera wanaoandika kwa mkono wa kushoto.

Siri ina uzito kuliko karatasi. Katika nyumba ya watu saba, kitabu kilichoandikwa "Safari Yangu ya Kupona" kwa herufi za dhahabu ni tangazo. Kikufuli kidogo cha pembeni ni mwanasesere. Kinaongeza hamu ya kufungua. Kava kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule, andika "Hesabu za Duka", na watu utakaowataja wape herufi moja. Programu ya simu ina nywila, ndiyo, lakini zima arifa zisije zikachomoza kwenye kioo mbele za watu.

Halafu fungua ukurasa wa mwisho. Shajara makini ina maneno kuhusu lini uache kalamu utafute mtu. Nyingi za kuagiza zina namba 988, ambayo ni ya Marekani na huku haikufikishi popote. Ifute, andika ya kwako: Kenya, Msalaba Mwekundu 1199; kwa watoto, 116 Kenya na Tanzania; na namba ya jamaa mmoja anayepokea simu usiku. Unyonge ukikuandama karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikaharibika, hiyo si kazi ya daftari, nenda kituo cha afya. Wazo la kujidhuru likija, usikae nalo peke yako ukaliandika. Mtafute mtu saa hiyo hiyo.

Uamuzi wangu kwa fedha: ya tarehe, nyota moja. Ya siku 90, nyota tatu, nzuri kwa anayeanza na asiyetaka mambo mazito. Ya wiki 8, nyota nne. Na kaunta buku ya kwaya 2 nyota nne pia, kwa bei ndogo kuliko zote. Ina kurasa 192. Kwa kurasa mbili kila kikao unapata vikao 96, yaani wiki 32 ukiandika mara tatu kwa wiki. Ukurasa wa kushoto uandike tukio, mwili na hisia. Wa kulia uanze na "Pole" na jina lako, kisha "Na wengine…", kisha tendo moja la kesho lenye saa. Kasoro yake ni kwamba maswali hayabadiliki, na kufikia kikao cha ishirini mkono unajibu wenyewe bila moyo. Hapo nakata vipande 20 vya karatasi, naandika swali moja kila kipande, natia kwenye bahasha iliyobandikwa nyuma, na nachomoa kimoja kabla ya kuanza.