Kurasa 32 hazipo, halafu naambiwa "mwisho si unaujua?"

Nimeahirisha kuandika haya nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Kuna duka la vitabu vilivyotumika hapa Dar linalouza kwa simu. Wanatuma picha za majalada kwenye kundi la WhatsApp, unachagua, unalipa, bodaboda anakuletea hadi mlangoni. Jina silitaji. Mvua zilipoanza nikaagiza kwao riwaya ya mapenzi ya Kiingereza, ile aina ninayoipenda kuliko zote: London ya miaka ya 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu ameugua akili na mwanawe anashika madaraka kwa niaba yake. Wanaosoma riwaya hizi wanajua zinavyoanza. Msichana wa miaka 17 au 18 anatolewa ndani, anapelekwa mjini wakati Bunge linakutana na wenye vyeo wote wapo, anashonewa magauni, anapelekwa kwenye dansi usiku hadi usiku, na kabla watu hawajatawanyika kurudi mashambani kwao anatakiwa awe ameshaposwa.

Na hii ilikuwa nzuri, jamani. Nilicheka peke yangu hadi wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Binti ni mtoto wa kasisi wa kijijini, hana mali, ana shangazi mmoja mkali wa kumchunga. Siku ya kupelekwa kwa Malkia Charlotte anavishwa mavazi ya kifalme: mtindo wa wakati ule ni kiuno kilichopanda hadi chini ya matiti, lakini mbele ya Malkia lazima bado uvae sketi pana yenye vitanzi ndani, ya zama za bibi zao. Sasa fikiria vitanzi vinavyoanzia kifuani. Msichana amekuwa mpana kuliko mlango wa gari la farasi, manyoya ya mbuni yamesimama kichwani, shangazi anamsukuma kwa nyuma. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 1820 tu, George wa Nne alipoingia, na mwandishi ameitumia vizuri sana. Hata hali ya hewa ameiweka sawa. Hadithi ni ya 1816, mwaka ambao Ulaya haikuona kiangazi kwa sababu ya mlipuko wa volkano ya Tambora kule Indonesia mwaka uliotangulia, na kila wanapopanga kwenda kutembea bustani ya Hyde Park mvua inawakatalia.

Halafu tukafika Almack's.

Kwa asiyejua: Almack's ulikuwa ukumbi wa dansi mtaa wa King Street, St James's, na Jumatano usiku ndiyo ilikuwa siku yake. Fedha hazikukuingiza. Ulihitaji vocha, na vocha zilitolewa na kamati ya mabibi wachache, kina Lady Jersey na Lady Cowper, ambao wakikukataa basi, mlango mmoja mkubwa wa mjini umefungwa usoni mwako. Chakula chenyewe kilikuwa mkate mwembamba wenye siagi na maji ya limau. Hakuna aliyejali chakula. Saa tano usiku milango ilifungwa, na baada ya hapo haingii mtu. Husimuliwa kwamba Duke wa Wellington mwenyewe, aliyemshinda Napoleon pale Waterloo, aliwahi kufika dakika chache baada ya saa tano akarudishwa.

Ukurasa wa 144 unaishia hivi. Ni saa tano kasorobo. Binti yuko ndani, ameshika upepeo, anaangalia mlango. Yule bwana waliyegombana tangu sura ya tatu hajafika. Wanamuziki wanajiandaa kupiga walzi, dansi ya wawili wawili wameshikana kwa karibu, na walzi katika riwaya hizi msichana mpya haruhusiwi kuicheza mpaka mmoja wa wale mabibi amkubalie. Tena haikuwa dansi ya mchezo: Julai ya mwaka huo huo wa 1816 gazeti la The Times liliilaani kwa kuchezwa kwenye sherehe ya Mwana Mfalme, likaiona ni aibu. Lady Jersey anakatiza ukumbi, anamjia.

Nahamia ukurasa wa pembeni. Ni wa 177. Binti yuko safarini kuelekea Brighton, ana pete kidoleni.

Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka. Nikahesabu. Kurasa 32, fungu zima, limetoka. Nikaufungua mgongo wa kitabu na hapo ndipo damu ilichemka, kwa sababu gundi ilikuwa mpya, nyeupe, bado inanuka. Fungu lilidondoka, mtu akaliona pengo, akayabana yaliyobaki, akapaka gundi, akapiga picha jalada, akaniuzia.

Nikawaandikia kwa adabu. Nikatuma picha za kurasa zote mbili. Kijana anayejibu meseji za wateja akajibu: "Dada, kwani mwisho si unaujua? Wanaoana." Nikamwambia kaka, sikununua mwisho. Akajibu: "Ingekuwa kitabu cha sheria au cha uhasibu ningekuelewa. Hivi vya mapenzi vyote ni kimoja, chagua kingine tukubadilishie."

Vyote ni kimoja!

Huyu kijana anauza vitabu. Sitaki kuamini kwamba hajui anachouza, maana hilo lingekuwa na nafuu. Naona anajua vizuri, na amekwisha kuamua kwamba wanaosoma mapenzi ni watu wa kupewa chochote. Ndiyo, wataoana. Kila msomaji anajua wataoana tangu jalada. Tunalipa kuona wamefikaje. Msichana wa wakati ule hakuweza kukaa faragha na mwanamume. Kucheza na bwana mmoja zaidi ya mara mbili kwa usiku kulitosha kuwafanya watu waseme wameposana. Kwa hiyo kila kitu anachoweza kukijua kuhusu mtu atakayelala naye nyumba moja maisha yake yote anakijua ndani ya dansi moja au mbili, mbele ya macho ya ukumbi mzima. Akikosea hana pa kurudi. Mali yake inakuwa ya mume, na sheria haikubadilika hadi 1870 na 1882, tena kwa hatua hatua. Talaka kamili ilihitaji sheria ya Bunge, jambo la matajiri wachache sana. Chini ya miaka 21 baba anaweza kuizuia ndoa yake Uingereza, ndiyo maana wengine walitorokea Gretna Green, Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Hayo yote yamo ndani ya walzi moja, na walzi hiyo imo kwenye kurasa 145 hadi 176. Kichekesho cha vitanzi kilikuwa kinatuandaa kwa usiku ule.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Haki lazima isemwe: bei zao ni nzuri, vitabu vyao vya zamani huvipati mahali pengine, na kijana wa bodaboda sina neno naye kabisa, alifika kwenye mvua kubwa na kitabu kimefungwa nailoni mbili, kikavu. Nimenunua kwao vitabu vizima vingi tu. Pengine gundi ile aliipaka aliyewauzia wao, sijui, na nikiwaza hivyo hasira inashuka kidogo.

Lakini nikisoma tena ile meseji inapanda. Ningekubali "pole dada, hatukuliona hilo" na ningeendelea kununua kwao hadi uzeeni. Juzijuzi wamenirudishia hela, zote, bila neno hata moja, kama unavyomlipa mtu ili anyamaze. Basi nyota moja, na hiyo ni ya bodaboda. Atakayenunua kwao afungue mgongo wa kitabu kabla yule kijana hajaondoka na pikipiki, ahesabu kurasa, hata kama mvua inanyesha.

Kitabu chenyewe nakipa tano bila kusita, na kimeniachia nafasi tupu katikati ambayo siwezi kuijaza kwa kubuni mwenyewe, nimejaribu. Jalada ni la kijani, mwanamke amesimama kwenye ngazi na upepeo mweupe. Mwenye nakala nzima anitafute, nitainunua hata kwa bei ya dukani. Na kama hauzi, aniambie tu: yule bwana alifika kabla ya saa tano, au Lady Jersey alimfungulia?