Toyota Aqua ya mtumba: usinunue bila kukagua feni

Kwa foleni za Dar es Salaam au Nairobi, Aqua ya toleo la kwanza inalipa. Ni haibridi, yaani ina injini ya petroli ya cc 1500 na mota ya umeme. Gari likitambaa, injini hujizima na mota ndiyo inayosukuma. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha chaji, ndiyo maana brekipedi zake hudumu. Kwenye safari ndefu za barabara kuu faida hiyo hupungua sana.

Shida ni betri kubwa ya volti 144 iliyo chini ya kiti cha nyuma. Hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo hapo hapo kitini. Vumbi na manyoya ya mazulia vikiziba feni, seli hupata joto na kuchoka kabla ya wakati. Abiria akiegemeza begi kwenye tundu, ni yale yale. Safisha feni kila sevisi, lakini nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme wa volti nyingi, usiziguse. Hizo ni kazi ya fundi wa haibridi.

Kabla ya kulipa, chomeka kifaa cha OBD2 (kisomeo cha kompyuta ya gari) na uendeshe kupanda mlima: bloku moja (kundi la seli za betri) ikidondoka volti kuliko nyingine, dai punguzo la bei ya betri nzima. Oili ya injini ni ya daraja la 0W-20. Redio ya FM ya Kijapani mara nyingi huishia 90 MHz, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo tenga hela ya kuibadilisha.