Kuongeza soketi chumba cha mama: fundi aliyeanzia kwenye mein swichi

Nimeridhika na kazi hii, na nataka kueleza kwa nini, maana wengi tunapima fundi umeme kwa uzuri wa plasta na wepesi wa bei.

Chumba cha mama, hapa kwetu Tabata, kilikuwa na soketi moja tu. Feni, chaja, pasi na birika la umeme vyote vilining'inia kwenye ekstensheni iliyopita chini ya zulia, na plagi yake ilishaanza kubadilika rangi upande mmoja. Hesabu yenyewe inatisha. Birika ni wati 2,200, pasi wati 1,200, jumla 3,400. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 tu. Waya mwembamba wa ekstensheni ndio unaoumia kwanza, tena uko chini ya zulia.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika chache akasema atavuta umeme kutoka kwenye swichi ya taa, kazi ya nusu saa. Nilimkatalia. Waya wa taa kwa kawaida ni wa 1.5mm, umewekwa kwa ajili ya taa, haukuwekwa kwa ajili ya pasi.

Wa pili nilimwomba leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za nishati na maji, kabla hajafungua begi. Akaitoa bila kununa, nikaangalia daraja lake na tarehe ya kuisha. Kisha akasema, "Dada, kabla sijagusa ukuta, nionyeshe mein swichi." Akaitazama muda mrefu: sakiti breka ipi inalisha chumba cha mama, ni ya ampea ngapi, na nini kingine kimo humo. Ilikuwa ya ampea 20, waya wa 2.5mm, na hakukuwa na friji wala hita kwenye mstari huo. Hapo ndipo aliposema inawezekana kuongeza soketi kwa kuendelea kutoka ile ya zamani.

Alivyopima ndivyo vilivyonifanya nimwamini. Alizima breka ya chumba, akaibandika tepu na kumwambia kila mtu nyumbani asiiguse. Akaenda na kipimo kwenye soketi ya sebuleni yenye umeme, kikasoma. Akarudi kwenye soketi ya mama, hakikusoma kitu. Akarudi tena sebuleni, kikasoma. Ile safari ya pili ya sebuleni ni ya kuhakikisha kipimo chenyewe hakijafa katikati.

Alipofungua soketi ya zamani tukakuta waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi. Kumbe ndiyo maana mama alikuwa akisema pasi "inamtekenya" akiwa pekupeku sakafuni! Tulidhani pasi imezeeka. Miaka yote hiyo, kama waya wa moto ungegusa bati la pasi, umeme usingekuwa na njia ya kurudi ila mwilini mwake. Fundi aliufuatilia ule waya mpaka kwenye mein swichi, akaupima kama bado mzima, akaufunga, na akaweka kipande kingine cha ethi kwenye boksi la chuma lenyewe. Kwangu mimi, hata kama soketi mpya isingewekwa, hapo tayari hela yangu ilikuwa imefanya kazi.

Ukuta aliutindua kwa mstari ulionyooka, akapitisha bomba, ili kesho mtu akipigilia msumari ajue waya unapita wapi. Nyaya za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani. Mpya ni kahawia, bluu na kijani yenye mstari wa njano. Alinionyesha ipi inaungana na ipi kabla ya kufunga kifuniko. Mwisho alibonyeza kitufe cha T, yaani cha kujaribia, kwenye RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, nyumba nzima ikazimika papo hapo kama inavyotakiwa, kisha akawasha birika soketi moja na pasi nyingine, akawa anagusa vifuniko kusikia kama vina joto. Vilibaki baridi.

Ufundi alitoza shilingi 50,000, vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia. Si bei ya chini. Pia alichelewa kufika, vumbi la kutindua alituachia sisi tulisafishe, na plasta aliyoziba haikulingana na ukuta, kwa hiyo bado natafuta mtu wa kupaka rangi. Risiti ilibidi niiombe.

Nitamwita tena kwa ajili ya jikoni. Nilimwuliza kuhusu soketi ya oveni akakataa kuunganisha kwenye mstari uliopo. Anataka waya wake peke yake kutoka mein swichi, na breka yake.