TAHADHARI: kuna muuzaji wa netsuke "za kale" anawafuata Waswahili inbox, mimi kanipiga pauni 640

Wadau naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Kuna mtu anauza netsuke, inro na mapambo mengine ya zamani ya Kijapani, anajitambulisha kama mzee wa Kyoto anayeuza vitu vya marehemu baba yake, na sababu ya mimi kuandika kwa Kiswahili ni kwamba anatutafuta sisi. Anaanza na "Habari za leo ndugu yangu", anakwambia aliwahi kujitolea kufundisha Moshi miaka ya tisini, anakuuliza eti mbege (ile pombe ya ndizi ya Wachaga) bado ipo? Mimi mtoto wa Dar niko huku Leicester mwaka wa tisa sasa, mtu wa Kyoto akikuulizia mbege unalainika, usinidanganye kwamba wewe usingelainika. Jina la akaunti silitaji maana tangu mwezi wa tatu kashalibadilisha mara mbili na jina halitakusaidia kitu, tabia zake ndo zitakusaidia.

Kwa ambao hamjui hizi vitu, fupi tu. Zamani Japani, zama za Edo yani 1603 mpaka 1868, mwanaume akivaa kimono hana mfuko wa kutia vitu vyake. Kwa hiyo kijaluba cha dawa (ndo inro hiyo), kifuko cha tumbaku, kiko na kadhalika vilikuwa vinaning'inia kwa kamba kutoka kwenye mshipi. Ile kamba inapita juu nyuma ya mshipi na mwisho wake inafungwa kwenye kidude kidogo cha kuchongwa ili isichomoke, hicho ndo netsuke. Katikati kuna shanga ya kubana kamba inaitwa ojime. Basi hivo vidude vinakaa kwenye kiganja, vingine vidogo kama ndimu, lakini utakuta mtu kachonga panya anatafuna mshumaa na kila unywele umekatwa peke yake. Walipoanza kuvaa suti na kuvuta sigara baada ya 1868 kazi ya netsuke ikaisha, wazungu wakazibeba kwa mafungu kuja Ulaya. Ndo maana huku zipo nyingi, na feki zake zipo nyingi zaidi.

Sasa huyu bwana anavyofanya kazi. Kwanza anakuuzia kitu cha kweli. Hili nataka mlisome mara mbili. Mimi alinianzia na manju, ile ya duara bapa kama kitumbua kilichokandamizwa, ya pembe ya kulungu, pauni 85, nikalipa kwa kadi kupitia mfumo wa kawaida wenye ulinzi wa mnunuzi, mzigo ukafika siku kumi na moja, umefungwa vizuri, na kitu chenyewe ni og. Nimekiangalia na lupe (kioo cha kukuza), ile sehemu ya ndani ya pembe yenye vitundu kama sponji ipo, tundu la kamba limelainika pembeni kwa kuvutwa miaka na miaka. Sina ubishi nacho mpaka leo. Nikampa nyota tano nikaandika na maneno matamu. Yani kwa pauni 85 alininunua mimi.

Wiki tatu baadaye ananiambia ndugu yangu nina kitu sijakiweka sokoni, nakupa wewe kwanza. Ng'ombe amelala, wa tsuge (mbao ngumu ya Kijapani), saini ya Tomotada.

Wenye uzoefu mshaanza kucheka najua. Tomotada alikuwa mchongaji wa Kyoto karne ya 18, maarufu kwa ng'ombe waliolala, na mwaka 1781 kilitoka kitabu Osaka ambacho tayari kilikuwa kinalalamika kwamba ng'ombe zake zinaigwa sana. 1781 jamani! Watu wanamfeki huyu mzee kabla treni haijafika popote duniani, na mimi 2025 nakubali kwamba ng'ombe wake kaniangukia inbox kwa pauni 640. Wa kweli anaenda maelfu mengi ya pauni mnadani. Nilijiambia labda ni wa mwanafunzi wake, labda ni wa "shule" yake, nikajitungia hadithi mwenyewe bila hata yeye kunidanganya, alichofanya ni kunyamaza tu na kunisikiliza.

Alafu ikaja habari ya malipo. Akasema safari hii tusipite kwenye mfumo, makato ni makubwa, nitumie kwa ile njia ya ndugu na marafiki tugawane hiyo faida. Hapo ndo pa kukimbia. Ukituma kwa njia ile umetoa zawadi, ulinzi hauna, na yeye anajua. Ndo maana ile ya 85 aliacha ipite mfumo wa kawaida maana hakuwa na cha kuogopa.

Mzigo ulipofika nikaona stempu sio za Japani. Nikajifanya sijaona.

Sasa niwaelezee huyo ng'ombe kwa ukaribu maana hapa ndo pana faida kwenu. Picha alizonitumia zilikuwa nzuri, nadhani ni za ng'ombe wa kweli wa mtu mwingine. Aliyekuja anafanana naye sana, mkao uleule, kamba ya pua imepita mgongoni vilevile, mpaka ule ufa wa uzee unaoshuka kutoka mgongoni kuelekea paja la nyuma upo. Nikaweka lupe ya mara kumi kwenye saini. Tomotada anaweka saini ndani ya kiboksi cha mstatili, herufi mbili. Saini iliyokatwa na kisu inakuwa na kingo kali, mkono unaingia kwa nguvu unatoka mwembamba. Ya kwangu kingo zake zimelegea kama maandishi ya kwenye sabuni iliyoogewa wiki nzima. Manyoya hivohivo, mgongoni yanaonekana, ukifika kwenye pua na katikati ya kwato yanayeyuka yanakuwa kitu kimoja. Na pembeni ya kwato ya kulia kuna vitundu viwili vya mviringo kabisa, vidogo kama ncha ya sindano. Mbao haina povu wadau. Ile ni resini (aina ya plastiki) imechanganywa na unga wa mbao, imemwagwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ya kahawia ikafutwa juujuu ili mashimo yabaki meusi.

Matundu ya kamba ndo yalinimaliza. Kwenye netsuke za kale za mbao mara nyingi tundu moja ni kubwa kuliko lingine, kwa sababu fundo linatakiwa lizame lijifiche humo ndani. Na kingo zinakuwa laini, zimeliwa na kamba. Ya kwangu matundu mawili saizi moja, kingo kali kama zimetobolewa na drili juzi, na nilipopitisha uzi na kumning'iniza ng'ombe akageuka akatazama chini kwato juu. Yani aliyetoboa hajawahi kujiuliza hiki kitu kinavaliwaje!

Bado nikawa na katumaini kangu. Nikachoma sindano kwenye moto nikagusa ndani ya tundu. MSIFANYE HIVI kwa kitu mnachodhani ni cha kweli, mtakiharibu na hata mwenye duka atawafukuza, mimi nilifanya kwa sababu nilishakata tamaa. Harufu iliyotoka ni ya ndoo ya plastiki jalalani.

Na ushahidi wa mwisho, nilikuja kumpata jamaa wa Bujumbura anaishi Ubelgiji, naye kapigwa na huyohuyo, tukatumiana picha. Ng'ombe wake ana ufa uleule. Mstari uleule, unapinda palepale kabla ya paja. Mbao mbili haziwezi kupasuka hivo.

Kinachoniuma zaidi, mimi nimekulia Mwenge, mjomba wangu alikuwa na kibanda pale kwenye vinyago. Nimeona kwa macho yangu mti mweupe unapigwa kiwi nyeusi unauzwa kwa mtalii kama mpingo, na mtalii anaondoka anashukuru. Najua kugeuza kinyago na kukwaruza chini, najua kupima uzito mkononi. Vya kwetu nisingeuziwa. Ila hiki kimetoka Kyoto na kina herufi nisizoweza kusoma, basi akili yote nikaiweka kabatini.

Nilipomlalamikia hakuniblock mara moja, kumbe ana ya pili. Akasema pole sana, baba alidanganywa, nakufidia, nina netsuke ya pembe ya ndovu ya kweli nakupa kwa nusu bei, na usijali forodha nitaandika "mfupa" kwenye fomu. Hapa sasa sio hasara ya hela tu, hapa ni jela. Kwa tulio Uingereza, sheria ya pembe za ndovu ya 2018 ilianza kufanya kazi tarehe 6 Juni 2022 na imepiga marufuku karibu biashara yote hata ya vitu vya kale, misamaha ipo michache sana (kwa mfano kitu cha kabla ya 1918 chenye thamani kubwa ya kisanaa, na hapo lazima kiwe na cheti), na tangu Januari 2025 wameongeza kiboko na nyangumi wa aina kadhaa. Na netsuke za meno ya kiboko na nyangumi zipo kwa hiyo usidhani ukikwepa tembo umepona. Mtu anayekwambia ataandika mfupa anakutengenezea kesi kwa jina lako na anwani yako. Na mlioko nyumbani, au mnaotaka kurudi na mkusanyiko wenu likizo, mtu asiwadanganye kwamba eti ni kitu cha miaka mia mbili cha Japani hakina shida. Bongo na Kenya ukikutwa uwanja wa ndege na pembe ya ndovu hakuna wa kukaa kusikiliza historia ya zama za Edo. Mimi nanunua mbao, pembe ya kulungu na kokwa basi.

Kuna dada yetu wa Mombasa yuko Dubai, yeye kauziwa inro. Sijaishika, nimeona video. Inro ya kweli vile visehemu vyake vinashikana kwa kubana kabisa, ukivuta unasikia hewa, na mapambo ya unga wa dhahabu ukipitisha kidole yale ya kunyanyuliwa unayasikia. Ya kwake visehemu vinacheza kama kifuniko cha chupa ya maji, na dhahabu imechapwa, ukikuza picha unaona vidoti. Pia huyo tapeli anauza vichana eti vya gamba la ng'amba, hivo sijui kama kuna aliyenunua, ila ng'amba wa kweli naye biashara yake ya kimataifa imekatazwa, kwa hiyo kikiwa og una kesi na kikiwa feki una plastiki.

Akikufuata ukataka kumjaribu, mwambie akutumie picha ya upande wa chini, matundu yanaonekana vizuri, pembeni kuna karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko. Mimi nilimwomba nikiwa nishapigwa, nikajifanya nataka kingine. Alinitumia picha tano nzuri za mbele. Nikarudia, matundu na karatasi. Akasema simu yake imeharibika kamera. Picha tano kazipiga na nini sasa?

Na kabla hujanunua chochote, kama uko London au unapita, nenda V&A, yale makumbusho ya sanaa kule South Kensington, wana netsuke za kumwaga na kiingilio ni bure, British Museum nao wanazo. Kaa dakika ishirini mbele ya kabati moja tu, angalia zilivyochakaa: pembe, pua, uti wa mgongo vimelainika lakini mabondeni kisu bado kinaonekana kikali. Mimi niliwahi kwenda, ila nilikuwa napiga selfi.

Hali ilipofikia: benki wamesema kwa kuwa nilituma kwa hiari yangu kama zawadi hawaahidi kitu, ila wamefungua faili, na polisi wa utapeli wa mtandaoni nimeshawaripotia nikapewa namba. Tupo watatu mpaka sasa na ng'ombe wawili. Kama na wewe una ng'ombe wa Tomotada uliyemnunua tangu mwaka jana, mgeuze, mpige picha ya tumbo na ya paja la nyuma la kushoto pale ufa unapopinda, nitumie inbox pamoja na skrinshoti ya malipo. Hata kama unaona aibu. Mimi nimeshamaliza yote ya aibu hapo juu.