Kurekodi skrini kwa kompyuta ya mezani: umeme ukikatika, kazi yako inabaki?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Niko hapa Sakina, Arusha, na leo tunachambua programu za kurekodi skrini kwa ninyi mnaotumia kompyuta ya mezani. Nasisitiza ya mezani kwa sababu laptopu ina betri. Umeme ukikatika katikati ya somo, laptopu wala haina habari. Ya mezani inazima hapo hapo, na wengi wetu UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hatuna. Kwa hiyo kabla hujauliza ni programu gani ina mbwembwe nyingi, uliza hili: umeme ukikatika nikiwa dakika ya 40, nitabaki na nini?

Tujaribu wote hapa hapa, nawaonyesha kwa kamera ya simu. Hii ni Dell ya mtumba, zile zilizotoka maofisini ambazo mnaziona zimepangwa madukani mjini. Core i5, RAM GB 8. Nimefungua OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, nimeiwekea faili la aina ya MP4 ya kawaida. Narekodi Excel: naandika jedwali la mishahara, naongea, najumlisha. Sasa angalieni mkono wangu. Nachomoa waya ukutani.

Haya, imewaka tena. Tunaingia kwenye folda. Faili lipo, na lina ukubwa wake, lakini nikilibofya pleya inagoma. Sababu ni kwamba MP4 ya kawaida huwa na orodha inayoieleza pleya kila fremu, yaani kila picha ya video, imekaa wapi, na orodha hiyo huandikwa mwisho kabisa, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mimi sikupata nafasi ya kukibonyeza. Picha na sauti zimo humo ndani, ila pleya haijui pa kuanzia.

Sasa naweka MKV, aina nyingine ya faili la video. Kazi ni ile ile, na waya ni ule ule. Imezima, imewaka, nabofya… mnaona? Inacheza, na sauti yangu ipo, mpaka sekunde chache kabla ya giza. MKV inaandika taarifa zake taratibu kadiri unavyorekodi, kwa hiyo kilichoshaandikwa kimeshaandikwa. Na tafadhali, msiige kuchomoa waya majumbani, diski inaweza kuumia. Hii mashine nimeitenga kwa majaribio.

Ndiyo maana kwa mtu wa kompyuta ya mezani hapa kwetu, mimi nasema OBS, na nasema bila kusita. Ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2012, haina kikomo cha muda, haibandiki nembo yake juu ya video yako, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wale wenye Windows 7 mniwie radhi: kuanzia toleo la 28 la mwaka 2022 inataka Windows 10 kwenda juu.

Najua inawatisha watu. Unaifungua mara ya kwanza, unakuta skrini nyeusi, unaona mashine imekataa. Haijakataa. Inasubiri uiambie irekodi nini. Hapa chini, kwenye kisanduku kilichoandikwa "Sources", bonyeza alama ya kujumlisha, chagua "Display Capture" kama unataka skrini nzima, au "Window Capture" kama unataka dirisha moja tu. Mwalimu, nakushauri dirisha moja. Hakuna haja ya wanafunzi kuona ujumbe wa WhatsApp unaoingia pembeni.

Tuje kwenye mipangilio, maana hapa ndipo bando lako linapookolewa au linapoteketea ukija kuituma video mtandaoni. Kuna namba inaitwa bitireti, yaani video inakula data kiasi gani kwa sekunde. Ukiweka kilobiti 6000, saa moja ya somo inakuwa kama GB 2.7. Ukiweka 2500, ni kama GB 1.1. Ukiweka 1000, ni MB 450 hivi. Sasa somo la Excel au slaidi halina mbio. Skrini imetulia, kinachotembea ni mshale na herufi. Kwa kazi hiyo 1000 inatosha vizuri, na fremu 15 au 20 kwa sekunde zinatosha pia. Fremu 60 waachie wa magemu.

Halafu kitu ambacho wengi hawakigusi: kama skrini yako ni 1366 kwa 768, rekodi hivyo hivyo. Usiipunguze, usiikuze. Maandishi madogo ya jedwali yakivutwa yanakuwa na ukungu, na mtu anayetazama kwenye simu hatofautishi 3 na 8. Kwenye somo la hesabu hilo ni balaa.

Mashine ikianza kukwamakwama, angalia enkoda, yaani kinachobana video wakati unarekodi. Iliyoandikwa x264 inaitwika prosesa mzigo wote. Ukiona QuickSync kwenye orodha, ichague, inatumia sehemu maalumu ndani ya chipu ya Intel. Mwenye kadi ya NVIDIA achague NVENC. Prosesa inapumua.

Kuna atakayesema MKV haiingii kwenye baadhi ya programu na simu. Kweli. Ukishamaliza kurekodi, nenda kwenye menyu ya "File", chagua "Remux Recordings", weka faili lako. Linageuzwa kuwa MP4 bila kupoteza ubora hata kidogo, na ni kazi ya muda mfupi sana kwa sababu picha hazichakatwi upya, zinahamishwa tu. Tena kuanzia toleo la 30.2 la mwaka 2024, OBS ina MP4 ya mseto inayostahimili umeme kukatika.

Nyingine nazipitia haraka. Windows inakuja na Game Bar, unabonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja. Ni nyepesi, lakini inarekodi programu moja tu, eneo kazi lenyewe hairekodi. Mwenye Windows 11 anayo Snipping Tool, na kwa kipande kifupi cha kumwonyesha mhasibu mwenzako pa kubonyeza, hiyo inakutosha, usijisumbue na kingine. Bandicam ya bure inakukata dakika 10 na inaweka nembo yake. Camtasia ni nzuri mno, ina uhariri humo humo, jambo ambalo OBS haina kabisa. Kama kampuni yako ya utalii inatengeneza video za kufundisha wafanyakazi mfumo wa kupokea oda za wageni, na kuna bajeti ya kulipia kila mwaka, ichukueni.

Ila ile Camtasia ya kukraki inayozunguka kwenye flashi, hiyo hapana. Inataka uzime antivairasi ili iingie. Kompyuta hiyo hiyo ina matokeo ya wanafunzi, ina nywila za benki. Kwa nini umfungulie mtu usiyemjua?

Jambo la mwisho ni sauti. Nyumba nyingi ni za bati, bodaboda zinapita dirishani. Bofya maiki yako ndani ya OBS, ingia kwenye vichujio, ongeza "Noise Suppression", chagua RNNoise. Sikilizeni hii ni kabla… na hii ni baada. Ule muungurumo wa feni ya kompyuta umeondoka. Mvua kubwa juu ya bati haiiwezi, hiyo subiri ipite.

OBS ipakueni kwenye obsproject.com, si kwingine. Mkishaiweka, rekodini dakika mbili tu, mzisikilize kwa hedifoni kabla hamjaanza somo lenyewe.