Ziara ya basi Ulaya ukiwa peke yako: uzoefu wangu, kwa macho ya mtu wa utalii wa Arusha

Sisi wa Arusha tumezoea upande wa pili wa biashara hii. Mgeni anashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tunampokea, tunamzungusha, tunamrudisha uwanjani na bahasha ya bakshishi mkononi. Safari hii nilikaa kiti cha mgeni: basi la watu karibu hamsini, Amsterdam mpaka Roma, kupitia bonde la mto Rhine (Ujerumani), Lucerne (Uswisi), Venice na Florence. Sina mwenza, sina rafiki kwenye kundi. Kampuni siitaji jina, maana ratiba za njia hii zinafanana sana na ninayoyaandika yanahusu karibu zote.

Hukumu yangu naitoa mapema: kwa asiyetaka kugombana na treni, mizigo na hoteli za nchi nne, huduma inalipa. Ila ukiangalia idadi ya nchi kwenye broshua umeshakosea kununua. Angalia unalala mara ngapi kila mji.

Kulala mara moja kuna maana yake. Sanduku linatakiwa mlangoni kabla ya chai, mara nyingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa mbili kasoro basi linaondoka. Jioni mnafika mmechoka, mnakula, mnalala. Mji hujauona. Mji unauona pale mnapolala mara mbili, na kwenye ratiba yangu ilikuwa hivyo Amsterdam, Lucerne na Roma tu. Kwingine tulipita.

Halafu soma maneno kwa makini. Ukikuta "eneo la Florence", jua hoteli inaweza kuwa Montecatini Terme, kilomita kama hamsini kutoka Florence yenyewe. "Eneo la Venice" mara nyingi ni Mestre, bara, ng'ambo ya daraja. Kwa wenye wenza si tabu, watakaa baa ya hoteli wapige soga. Uliye peke yako jioni ndiyo unaitaka, kwa hiyo omba jina la hoteli kabla ya kulipa, tazama ramani, pima umbali wa kwenda stesheni kwa miguu. Mestre ina nafuu: treni ya kwenda Venezia Santa Lucia ni dakika kama kumi, unakula mjini na kurudi bila kumtegemea mtu. Hoteli ya nyota tatu karibu na stesheni naipendelea kuliko ya nyota nne iliyo kando ya barabara kuu.

Hesabu hiyo ya kulala ndiyo pia inayoamua viza. Watu wengi wa hapa hudhani viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi unayotua. Sivyo. Inaombwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Zikilingana, ndipo inaangaliwa nchi ya kwanza kuingia. Njia hii unatua Uholanzi, lakini unalala Italia mara nne, kwa hiyo ombi linakwenda Italia. Ukipeleka kwa Waholanzi wanaweza kukurudishia, na wewe umetoka Arusha kwenda Dar kwa basi la alfajiri kwa kazi hiyo moja. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Dirisha la kuomba linafunguka miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla; uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila wanaruhusiwa kufika 45. Mimi nashauri uwe umeshawasilisha miezi mitatu kabla.

Anayesafiri peke yake huulizwa zaidi nini kitamrudisha nyumbani. Barua ya likizo ya mwajiri, au leseni ya biashara na karatasi za kodi za TRA, pamoja na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, ndivyo vinavyojibu swali hilo. Hapa ziara ya kundi inakusaidia kweli: kampuni inakupa orodha ya hoteli zote na tarehe zake kwenye karatasi moja, na kila usiku una pa kulala panapoonekana. Angalizo: ziara ikianzia London, unahitaji viza ya Uingereza pia, ombi jingine na ada nyingine.

Ndege kwa kawaida haimo kwenye bei, na hapo ndipo watu wanaumia. Kwa vifurushi vinavyouzwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, ziara ya zaidi ya siku sita inaweza kufutwa hadi siku 20 kabla ya kuanza kama kundi halijatimia. Fedha ya ziara unarudishiwa, ya tiketi ya ndege uliyonunua mwenyewe haiwahusu wao. Basi uliza kama tarehe yako imeshathibitishwa kuondoka, na uliza kwa maandishi. Nunua tiketi ya kuingilia Amsterdam na kutokea Roma; KLM inatua KIA, na kurudi Ethiopian inakuvusha Addis. Fika siku moja kabla. Basi halimsubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa, na kulifukuzia kundi kwa treni mpaka Ujerumani ni gharama yako.

Chumba. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha wawili. Ukitaka chako unalipa nyongeza, na kwangu ilikaribia robo ya bei ya ziara. Tusilalamike sana, kambi zetu za Serengeti zinafanya hivyohivyo. Kinachoudhi ni kwamba umelipa zaidi na unapewa kidogo: chumba cha mtu mmoja Ulaya mara nyingi ni kitanda chembamba, dirisha la uani, na mlango wa bafu unaogonga sanduku. Njia nyingine ni kukubali kupangiwa mwenzako wa jinsia yako. Kampuni zinatofautiana: baadhi zikikosa wa kukupangia zinakuachia chumba bila nyongeza, nyingine zinakutoza. Pata jibu kabla ya malipo ya awali. Ukipangiwa mtu anayekoroma, kubadilisha katikati ya safari ni kubahatisha, kwa kuwa vyumba vimeshahesabiwa mji kwa mji.

Ndani ya basi mambo ni ya kisheria kuliko wengi wanavyofikiri. Kwetu LATRA, wasimamizi wa usafiri wa barabarani, wana VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi unaopiga kelele dereva akizidisha mwendo; kule kuna takografu, kifaa kinachoandika saa za kuendesha na hata muda wa kupumzika. Dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa siku haendeshi zaidi ya saa tisa, isipokuwa mara mbili kwa wiki anapofikisha kumi, na usiku kwa kawaida anatakiwa saa 11 za mapumziko mfululizo. Ndiyo maana kiongozi wa ziara anakuwa mkali kwa dakika tano za kuchelewa. Ukiwachelewesha asubuhi, jioni dereva anaweza kuishiwa saa njiani, na kinachokatwa ni kituo cha kutazama, mara nyingi kile ulichokilipia.

Viti vinazunguka kila siku, hatua mbili kufuata mshale wa saa, ili kila mtu apate mbele. Ni mpango mzuri kwa asiye na mwenza, maana majirani wanabadilika. Choo cha basi kipo lakini hufunguliwa kwa dharura tu. Vituo vya barabara kuu za Ujerumani vyenye vyoo vya Sanifair hutoza euro moja na kukupa kuponi ya kununulia kitu dukani hapo. Kaa na sarafu.

Usitegemee basi kukufikisha mlangoni. Amsterdam imepiga marufuku mabasi ya zaidi ya tani 7.5 katikati ya mji tangu Januari 2024. Venice mnashuka Tronchetto na kuendelea kwa boti. Utatembea juu ya mawe, kwa hiyo viatu viwe vimeshavaliwa na kulainika. Unapewa redio ndogo yenye kisikilizi cha sikio moja. Sauti ikianza kukwaruza, kiongozi amekuacha, inua kichwa umtafute. Mwenye mwenza anaulizwa "mwenzako yuko wapi?", wewe huulizwi na mtu mpaka kundi lihesabiwe. Namba ya kiongozi iwe kwenye simu na kwenye karatasi pia.

Roma tazama siku ya wiki. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kanisa la Mtakatifu Petro linataka mabega na magoti yafunikwe, na hapo kitenge kimoja ndani ya begi kinamaliza kazi.

Matembezi ya hiari ndiyo yanayovimbisha gharama, na yanauzwa ndani ya basi siku ya kwanza, kila mtu akiwa na furaha. Boti ya Rhine chukua. Mlima Titlis karibu na Lucerne nauacha kwako: kilele ni mita 3,238, watu wanalia kwa furaha kuona theluji, na mtu aliyekulia Moshi akitazama Kibo kila asubuhi anajiuliza amelipa nini. Muda huohuo Lucerne yenyewe kwa miguu ni bure.

Kampani hupatikana, lakini si siku ya kwanza. Meza ni za watu wanane na wanakaa wawili wawili. Nenda mapema chumba cha chakula ukae wewe kwanza, watakujia. Wengi ni wastaafu, na wakisikia unatoka chini ya Kilimanjaro maswali hayaishi. Asiyekula nguruwe aseme kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa sababu menyu ya kundi ni moja na jikoni hawabadilishi usiku huo.

Mwisho, vidude: plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule, nunua adapta ya pini mbili za duara kabla ya kuondoka. Laini ya simu ya Umoja wa Ulaya inafanya kazi Uholanzi, Ujerumani na Italia kwa bei ileile, lakini Uswisi haimo kwenye mpango huo. Soma masharti ya laini, au zima data mpakani kabla salio halijaliwa.