Mfuko wa bayocha: mkaa mzuri, lebo yenye majivuno

Kiwanja changu kiliwahi kuwa gereji. Oili chafu ilimwagwa humo, betri za magari zikapasuliwa humo, na vipimo vya maabara vikaonyesha risasi, ile metali nzito yenye sumu, kwenye udongo. Ndiyo iliyonifanya ninunue bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo, wa kuchanganya na udongo.

Mzigo wenyewe hauna lawama. Vipande ni vidogo, vyeusi tii, na ukivivunja vinalia kama vigae. Havinuki moshi wala haviachi mafuta vidoleni. Mkaa uliochomwa ovyo hubaki na lami, na lami hiyo nayo ni sumu. Mfukoni pameandikwa malighafi (maganda ya mpunga) na joto la kuchomea, nyuzi 550 za Selsiasi. Wauzaji wengi hayo huyakwepa. Ila vumbi, jamani! Fungulia nje, vaa barakoa, nyunyizia maji kabla ya kumwaga.

Niliichanganya kwanza na mboji iliyoiva, maana ikiingia ardhini mbichi hushika naitrojeni na mimea ikageuka njano. Kisha nikaifukia kina cha jembe. Nilipopima tena, risasi inayotoka udongo ukilowekwa, yaani ile inayoweza kufika kwenye mizizi, ilikuwa imeshuka sana. Jumla ya risasi iko palepale.

Hapo ndipo lebo inaponikera: eti "huondoa metali zote nzito". Haiondoi kitu. Hupandisha pH, yaani hupunguza asidi ya udongo, na kuinasa risasi isitembee, basi. Mtoto akitia udongo ule mdomoni, risasi ameila. Na hilo "zote" ni uongo wa mchana kweupe, kwa sababu aseniki, sumu nyingine inayoweza kuwa udongoni, huenda kinyume: pH ikipanda inaweza kuachia na kuingia kwenye maji ya ardhini. Kama hujapima udongo wako, mfuko huu uache dukani.

Iliyobaki niliijaza kwenye pipa la kuchujia maji ya kisima yaliyokuwa na harufu. Maji ya mwanzo hutoka meusi, kwa hiyo suuza mpaka yatakate. Harufu imekwisha. Vijidudu sivitegemei vifie humo, nachemsha kama kawaida, na harufu ikianza tena najua mkaa umeshiba, nabadilisha.

Nyota nne kwa mkaa, moja kwa lebo. Muuzaji nimemwandikia kuhusu aseniki. Amenijibu kwa kunitumia orodha ya bei.